Teeth of the Dog

Teeth of the Dog (yaani "Meno ya Mbwa", kwa Kihispania Diente de Perro) ni uwanja wa gofu wenye mashimo 18 ulioko kwenye mwambao wa Bahari ya Karibi, karibu na mji wa La Romana, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Dominika. Uko ndani ya eneo la mapumziko la Casa de Campo. Ulibuniwa na Mmarekani Pete Dye, ukafunguliwa mwaka 1971. Mashimo saba kati ya 18 yako ukingoni kabisa mwa bahari, na hayo ndiyo yaliyoupa uwanja huu sifa duniani. Mara nyingi hutajwa kuwa uwanja bora wa gofu katika eneo lote la Karibi.

Jina

Wakazi wa Jamhuri ya Dominika na wa Kuba huita diente de perro ule mwamba wa matumbawe wenye ncha kali unaopatikana ufukweni. Mwamba huo ulikuwa zamani matumbawe hai chini ya bahari. Baadaye ulibaki juu ya maji, kisha ukaliwa polepole na mvua, na chumvi ya mawimbi, na viumbe wadogo wanaoishi kwenye mawe, mpaka ukabaki na vishimo na ncha zinazoweza kuchana kiatu. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaufahamu mwamba wa aina hiyo: ndio uleule unaoonekana maji yakitoka kandokando ya Unguja, Mombasa na Lamu, na mawe ya matumbawe ndiyo yaliyojengewa nyumba za miji ya kale ya Waswahili.

Wafanyakazi waliokuwa wakiuvunja mwamba huo wakati wa ujenzi walilitaja jina hilo kila siku, na Dye akalichukua kuwa jina la uwanja. Mwanzoni, hata hivyo, uwanja uliitwa Cajuiles, maana yake "mikorosho". Mkorosho una asili ya Amerika ya Kusini. Wareno ndio waliouleta Afrika Mashariki.

Historia

Historia ya uwanja huu haitenganiki na historia ya sukari. La Romana ulikuwa mji mdogo mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya Kimarekani ya South Puerto Rico Sugar Company ilipoanzisha hapo mashamba makubwa ya miwa na baadaye kiwanda. Kiwanda hicho, Central Romana, kilikuwa miongoni mwa vikubwa katika Karibi nzima. Ardhi, reli, bandari na ajira za mji zilikuwa mikononi mwa kampuni hiyo moja.

Mwaka 1967 kampuni kubwa ya Marekani iliyoitwa Gulf and Western iliinunua kampuni ya sukari pamoja na ardhi yake yote. Mkuu wake alikuwa Charles Bluhdorn, mfanyabiashara mzaliwa wa Vienna, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amenunua kampuni ya filamu ya Paramount. Bluhdorn aliipenda nchi hiyo akataka pawepo mapato mengine zaidi ya miwa, ambayo bei yake hupanda na kushuka. Utalii ulionekana kuwa njia. Sehemu ya ardhi ya kampuni iliyokuwa ukingoni mwa bahari haikufaa kilimo, kwa kuwa ilikuwa mwamba mtupu na vichaka. Kwa mkulima wa miwa haikuwa na thamani; kwa mbunifu wa viwanja vya gofu ilikuwa kama dhahabu.

Pete Dye

Paul Burke Dye, aliyejulikana kwa jina la Pete, alizaliwa Urbana, jimbo la Ohio, tarehe 29 Desemba 1925. Kabla ya kubuni viwanja aliuza bima mjini Indianapolis, na alikuwa mchezaji hodari wa ridhaa. Mke wake, Alice Dye, alikuwa mchezaji hodari kuliko yeye: aliichezea timu ya Marekani katika Kombe la Curtis mwaka 1970 na kushinda ubingwa wa wanawake wakongwe wa Marekani mara mbili. Wawili hao walifanya kazi pamoja maisha yao yote, ingawa kwa miaka mingi magazeti yalitaja jina la mume peke yake.

Mwaka 1963 walitembelea Uskoti, nchi ya asili ya gofu. Huko waliona viwanja vya pwani visivyo na miti, vyenye grini ndogo, mitego ya mchanga iliyo mirefu kwenda chini, na kingo zilizozuiwa kwa mbao za reli. Wakati huo viwanja vingi vya Marekani vilikuwa virefu, vipana na vinavyofanana. Dye alirudi na mawazo ya Uskoti akayatumia Harbour Town, uwanja wa jimbo la South Carolina uliofunguliwa mwaka 1969, kisha La Romana. Baadaye alibuni TPC Sawgrass huko Florida (1980), uwanja wa Kiawah Island (1991) na Whistling Straits (1998). Ile grini maarufu ya Sawgrass iliyozungukwa na maji pande zote ilitokana na pendekezo la Alice.

Alice alifariki mwaka 2019. Pete alifuata tarehe 9 Januari 2020, akiwa na umri wa miaka 94. Walikuwa na nyumba Casa de Campo, kando ya uwanja wenyewe, na kwa karibu miaka 50 Dye hakuacha kuugusagusa: kusogeza mtego hapa, kuinua grini pale. Wengi waliomjua husema kuwa huu ndio aliouthamini kuliko viwanja vyake vyote. Alipenda kusema kwamba yeye alitengeneza mashimo 11 tu, na yale saba ya baharini yalitengenezwa na Mungu.

Ujenzi

Usemi huo ni wa unyenyekevu, lakini unaficha jambo. Mashimo ya baharini hayakushuka kutoka mbinguni. Yalichongwa kwa mikono ya watu. Wafanyakazi wapatao 300 kutoka La Romana na vijiji vya jirani walifanya kazi hiyo kwa nyundo nzito, sururu na patasi, wakivunja ncha za mwamba kipande kwa kipande. Mashine zilikuwa chache. Mikokoteni ya kukokotwa na ng'ombe, ileile iliyokuwa ikibeba miwa, ilitumika kuleta udongo.

Udongo ndio uliokuwa tatizo kubwa. Juu ya mwamba wa matumbawe nyasi haziwezi kuota, kwa sababu maji hupenya mara moja na mizizi haina pa kushika. Ilibidi udongo uletwe kutoka kwingine, uchanganywe na mchanga pamoja na cachaza, yaani tope linalobaki kiwandani baada ya maji ya miwa kusafishwa. Tope hilo lina rutuba na kiwandani lilikuwa tele. Mchanganyiko ulitandazwa juu ya mwamba, kisha vichipukizi vya nyasi vikapandwa kwa mkono. Kwa hiyo mchezaji anayetembea leo juu ya nyasi hizo anatembea juu ya masalia ya sukari.

Kutumia mikono badala ya mashine kulikuwa na matokeo ambayo pengine hayakukusudiwa yote. Mikono haiwezi kusawazisha kilima kizima. Hivyo ukingo wa bahari ulibaki na umbo lake la asili, na vijighuba vidogo vinavyoingia nchi kavu havikufukiwa bali vilifanywa kuwa sehemu ya mchezo. Tingatinga zingepatikana kwa wingi, uwanja huu huenda ungefanana na mingine mingi.

Kuanzia 1971 hadi sasa

Baada ya uwanja kufunguliwa, hoteli na nyumba za kifahari ziliongezeka haraka, na Casa de Campo ikawa moja ya sehemu za kwanza kubwa za utalii wa aina hiyo nchini. Njia ya kurukia ndege ndogo ilikatiza katika eneo la uwanja wa gofu, na wachezaji walilazimika kuangalia angani kabla ya kuvuka. Hali hiyo iliisha Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa La Romana ulipofunguliwa mwaka 2000, nje ya eneo hilo.

Bluhdorn alifariki mwaka 1983. Muda mfupi baadaye Gulf and Western iliuza mali zake za La Romana kwa wawekezaji wakiongozwa na familia ya Fanjul, wenye asili ya Kuba, ambao tayari walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa sukari huko Florida.

Jirani na uwanja, juu ya genge la mto Chavón, kuna Altos de Chavón, kijiji cha mawe kilichojengwa kwa mtindo wa miji ya kale ya Mediteranea. Watalii wengine hudhani ni cha karne ya 16. Ukweli ni kwamba kilianza kujengwa mwaka 1976. Kina shule ya sanaa na ukumbi wa wazi wa watu 5,000 uliozinduliwa na mwimbaji Frank Sinatra mwaka 1982. Casa de Campo ina viwanja vingine vya gofu vya Dye, vikiwemo The Links na Dye Fore. Dye Fore uko juu ya mto huohuo, na mandhari yake ni ya genge na bonde badala ya mawimbi.

Mwaka 2005 Teeth of the Dog ulifanyiwa matengenezo makubwa chini ya Dye mwenyewe, na nyasi zikabadilishwa. Mwaka 2025 ulifungwa tena kwa ajili ya ukarabati chini ya Jerry Pate, mchezaji wa zamani aliyeshinda US Open ya mwaka 1976, ambaye aliwahi kushindana hapohapo akiwa kijana.

Mpangilio wa uwanja

Uwanja una pa 72. Pa ni idadi ya mikwaju ambayo mchezaji mahiri anatarajiwa kutumia kumaliza shimo moja au uwanja mzima. Anayetumia mikwaju michache ndiye mshindi. Kutoka vituo vya nyuma kabisa urefu wake unazidi yadi 7,000, yaani zaidi ya kilomita 6.4. Hata hivyo kila shimo lina vituo kadhaa vya kuanzia, na vya mbele hupunguza urefu huo sana. Jambo hili lina mkono wa Alice Dye. Alipigania kwa miaka mingi viwanja viwe na vituo vinavyowafaa wanawake na wachezaji wasio na nguvu nyingi, si kuwekewa tu alama mbele kidogo ya wanaume.

Mashimo manne ya kwanza yako bara, yakipita kati ya miti na nyumba. Mgeni anaweza kujiuliza bahari iko wapi. Kisha anafika kwenye shimo la tano, na bahari inamtokea ghafla.

Shimo la 5 ni la mikwaju mitatu na ni fupi. Grini, yaani lile eneo la nyasi zilizokatwa chini kabisa penye kitundu, imekaa juu ya ulimi wa mwamba, mawimbi yakipasuka chini yake. Ndilo linalopigwa picha kuliko yote. Ufupi wake unadanganya: mpira unaopigwa juu kwa fimbo nyepesi hubebwa na upepo kwa urahisi, na upande wa kushoto hakuna kitu ila maji.

Shimo la 6 ni la mikwaju minne na linafuata ufuko, bahari ikiwa kushoto muda wote. La 7 ni la mikwaju mitatu kama la 5, lakini kutoka vituo vya nyuma lina zaidi ya mita 200. Hapa hata wachezaji wa kulipwa huchukua fimbo ndefu, na wengi wa ridhaa hufanya busara kuulenga upande wa kulia, ulio wa nchi kavu, wakaridhika na mikwaju minne. Shimo la 8 linaanza kwa kuvusha mpira juu ya kipande cha bahari. Kadiri mchezaji anavyothubutu kukata kona juu ya maji ndivyo mkwaju wa pili unavyokuwa mfupi. Huu ndio ufundi wa Dye unaorudiwa karibu katika viwanja vyake vyote: anampa mchezaji nafasi ya kuchagua hatari yake mwenyewe.

Shimo la 9 linarudi bara, na bara kunaendelea mpaka la 14. Sehemu hii husahauliwa na wengi wanaoandika juu ya uwanja huu, na si haki. Shimo la 13, kwa mfano, ni la mikwaju mitatu ambalo grini yake imezungukwa na mchanga pande zote, kama kisiwa kikavu.

Mashimo ya 15, 16 na 17 yanarudi baharini, lakini safari hii maji yako upande wa kulia. Kwa mchezaji anayetumia mkono wa kulia badiliko hilo ni kubwa. Kosa la kawaida la wachezaji wa kiwango cha chini ni mpira kupinda kulia. Kwenye mashimo ya 5 hadi 8 kosa hilo huwaweka salama nchi kavu, ila kwenye ya 15 hadi 17 huupeleka mpira moja kwa moja baharini. Shimo la 16, la mikwaju mitatu, linavuka kighuba kidogo. La 17 ni kwaheri ya bahari, na la 18 linaelekea ndani hadi mwisho.

Upepo na namna ya kucheza

Kwenye pwani ya Afrika Mashariki upepo hubadilika kwa majira, kaskazi kisha kusi. La Romana iko katika ukanda wa pepo zinazovuma kutoka mashariki sehemu kubwa ya mwaka. Asubuhi mapema huwa kumetulia. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto kuliko bahari na upepo huzidi, na kufika alasiri waweza kuwa mkali. Ndiyo sababu nafasi za kuanza asubuhi ndizo zinazogombaniwa.

Kwa kuwa safu mbili za mashimo ya baharini zinakwenda pande zinazopingana, upepo unaosukuma mpira katika safu moja huurudisha nyuma katika safu ya pili. Namba za umbali zilizoandikwa kwenye kadi hazitoshi. Mpira wa mita 140 waweza kuhitaji fimbo ya mita 120 siku moja na ya mita 160 siku nyingine. Mchezaji mwenye uzoefu huupiga mpira chini chini, ukakaa chini ya upepo, badala ya kuurusha juu.

Kwa kawaida wachezaji hufuatana na kedi. Kazi yake si kubeba mfuko tu. Yeye ndiye anayejua mteremko wa grini usioonekana kwa macho, na anayejua kama mpira uliopotelea kwenye mwamba unaweza kuchezwa au la. Mara nyingi jibu ni la. Kuupiga mpira uliolala kati ya ncha za matumbawe ni hatari kwa fimbo na kwa mkono, na kushuka mwambani kuutafuta ni hatari zaidi, kwa kuwa mwamba huteleza na mawimbi huja bila kutarajiwa.

Kanuni za gofu zina njia nyepesi. Mpira ukiingia baharini, mchezaji huongezewa mkwaju mmoja wa adhabu. Anaweza kurudi alipopiga mwanzo, au, pale ukingo ulipowekewa alama nyekundu, kuudondosha mpira mwingine ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka mahali mpira ulipovuka ukingo, bila kusogea karibu na kitundu. Mchezaji wa kawaida anashauriwa kubeba mipira ya kutosha.

Nyasi, chumvi na dhoruba

Kutunza uwanja mahali kama hapa ni vita isiyoisha. Mawimbi hurusha chumvi juu ya nyasi kila siku yenye upepo. Nyasi nyingi za gofu hufa kwa chumvi; zikioshwa kwa maji baridi ili zipone, maji hayo huwa yametolewa mahali ambapo watu na mashamba pia wanayahitaji. Suluhisho lililotumika tangu mwaka 2005 ni nyasi iitwayo kitaalamu Paspalum vaginatum. Ni nyasi ya asili ya fuko za tropiki, Afrika ikiwemo, inayovumilia chumvi nyingi na inayoweza kumwagiliwa hata kwa maji yasiyo safi sana. Aina zake zilizoboreshwa zimeenea katika viwanja vya gofu vya pwani za nchi za joto.

Tishio jingine ni tufani. Tufani Georges ya Septemba 1998 iliipiga Jamhuri ya Dominika vibaya na kuua mamia ya watu. Tufani Fiona ilitua kusini-mashariki mwa nchi hiyo tarehe 19 Septemba 2022. Grini iliyoko mita chache juu ya maji haina pa kukimbilia. Matumbawe hai yaliyoko mbele ya ufuko hupunguza nguvu ya mawimbi, na matumbawe hayo katika Karibi yote yamepungua sana kwa sababu ya joto la bahari, magonjwa na uchafu. Mbolea inayotoka viwanja vya gofu na mashamba inaweza kuwa sehemu ya uchafu huo. Hivyo mustakabali wa mashimo saba ya ufukweni unategemea kwa kiasi fulani viumbe ambao mchezaji hawaoni.

Mashindano

Mwaka 1974 uwanja huu, ukiitwa bado Cajuiles, ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya timu za ridhaa. Kwa wanaume, Kombe la Eisenhower lilichukuliwa na Marekani, Japani ikawa ya pili. Katika timu ya Marekani walikuwemo Jerry Pate na Curtis Strange, ambao wote wawili walikuja kushinda US Open. Kwa wanawake, Kombe la Espirito Santo lilichukuliwa pia na Marekani.

Katika miaka ya karibuni umekuwa mwenyeji wa Ubingwa wa Ridhaa wa Amerika ya Kilatini, ambao mshindi wake hualikwa kucheza mashindano ya Masters huko Augusta. Mwaka 2016 alishinda Paul Chaplet wa Kosta Rika akiwa na umri wa miaka 16. Mwaka 2019 alishinda Álvaro Ortiz wa Meksiko. Mwaka 2022 ilikuwa zamu ya Aaron Jarvis kutoka Visiwa vya Cayman.

Uwanja na jamii inayouzunguka

Jamhuri ya Dominika ilipokea zaidi ya wageni milioni 10 mwaka 2023, wakiwemo wa meli za kitalii, na gofu ni sehemu ndogo lakini yenye fedha nyingi ya biashara hiyo. Makedi, wakata nyasi, wapishi na madereva wa La Romana hutegemea ajira hizi. Pamoja na hayo, kuna maswali mawili ambayo hayawezi kurukwa.

La kwanza ni la ufuko. Sheria namba 305 ya mwaka 1968 inaweka ukanda wa mita 60 kutoka mstari wa maji kujaa kuwa mali ya umma, na katiba ya mwaka 2010 nayo inasema fuko na pwani ni za umma na kuzifikia ni huru, mradi haki ya mali binafsi iheshimiwe. Sentensi hiyo ina vichwa viwili, na mjadala kuhusu sehemu za mapumziko zenye malango na walinzi umeendelea nchini kote. Mvuvi anaweza kuwa na haki ya kusimama kwenye mwamba. Swali ni apite wapi kuufikia.

La pili ni la sukari yenyewe. Miwa inayolizunguka eneo hili la anasa hukatwa kwa sehemu kubwa na wahamiaji kutoka Haiti na watoto wao, wanaoishi katika kambi ziitwazo bateyes. Novemba 2022 Shirika la Forodha na Ulinzi wa Mipaka la Marekani lilizuia sukari ya Central Romana kuingia nchini humo, likisema lilikuwa na dalili za kazi ya kulazimishwa mashambani. Kampuni ilikanusha madai hayo. Machi 2025 zuio liliondolewa. Hakuna kati ya haya aliyodai kwamba wafanyakazi wa gofu walitendewa vivyo hivyo. Ila kijiografia mambo haya yako pamoja: mtu anayetoka mjini kwenda uwanjani hupita kando ya miwa.

Ulinganisho na pwani ya Afrika Mashariki

Gofu ya mwambaoni si ngeni kwa wasemaji wa Kiswahili. Klabu ya Gofu ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1911, ina uwanja mdogo wa mashimo tisa juu ya genge la matumbawe linaloitazama Bahari ya Hindi. Katika kaunti ya Kilifi kuna Vipingo Ridge, uliojengwa kwenye ardhi iliyokuwa shamba la mkonge, na uwanja wake wa Baobab umekuwa mwenyeji wa mashindano ya kimataifa ya wanawake. Vipingo hauko ukingoni mwa maji kama La Romana. Uko juu ya kilima kilicho mbali kidogo na ufuko, na bahari huonekana kwa mbali. Lakini mkonge wa Kilifi na miwa ya La Romana vina hadithi inayofanana: zao la mashamba makubwa lililoanza kutoa nafasi kwa watalii.